Laptopu ya mama mdogo: nifanyeje asije akafungiwa nje siku akisahau paswedi?

Binti_Mbezi

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wa wenye uzoefu. Kuna laptopu nimemnunulia mama mdogo pale Kariakoo mtaa wa Aggrey, ni used toka Uingereza, imepigwa Windows 11, iko vizuri na betri inakaa. Mama mdogo ana steshenari Tabata na pia ndo mweka hazina wa kikoba chao, kwa hiyo humo ndani kutakuwa na mahesabu ya watu, nani kanunua hisa, nani kakopa, nani bado hajarejesha, pamoja na kazi za wateja wa steshenari kama barua, sivii na mitihani ya shule. Kwa sasa vyote viko kwenye daftari na kwenye simu yake.

Kinachonipa wasiwasi ni kilichomkuta jirani yake anayeuza vifaa vya ujenzi. Kijana aliyekuwa anamshikia duka aliondoka na paswedi ya kompyuta, simu hapokei, mzee wa watu akaipeleka kwa fundi na fundi akapiga Windows upya. Kufunguka ikafunguka, ila madeni yote ya wateja yaliyokuwa kwenye Excel yakaenda na maji, na mnajua mtu akishasikia kumbukumbu ya deni haipo anavyobadilika. Sitaki yamkute mama mdogo tena kwa hela za kikoba, ni pesa za wamama wenzake wa mtaa mmoja, zinaweza kuvunja undugu wa miaka.

Yeye kuandika na kuprinti anajua vizuri tatizo ni paswedi, hata namba ya siri ya simu kuna wakati tunamkumbusha. Mi nakaa Mbezi siwezi kuwa kwake kila siku, na kuna watoto wawili pale nyumbani wataigusa kwa ajili ya masomo. Nilifikiria nisiweke paswedi kabisa, lakini dukani watu wanaingia na kutoka. Nikafikiria nimuandikie kwenye karatasi nibandike chini ya laptopu, hiyo nayo naona ni kama hakuna paswedi. Nataka kabla sijamkabidhi jumamosi iwe imekaa vizuri, kwamba hata akisahau ipo njia ya kuingia bila kupoteza kitu. Nianzie wapi?

Fundi_Mwenge

Dada umewahi, hongera kwa hilo, maana hapa kwangu watu wengi wanakuja tatizo likishatokea na muda huo ninachoweza kufanya kinategemea na kilichoandaliwa kabla, hakuna uchawi.

Kabla ya paswedi anza na swali hili, hiyo Windows imeingiwa kwa akaunti ya nani? Windows 11 wakati wa kuianzisha inadai intaneti na akaunti ya Microsoft, sasa muuzaji ana mashine nyingi za kuandaa siku hiyo, anaweka imeili yoyote aliyonayo ili amalize. Nenda Settings, Accounts, halafu Your info. Ukikuta imeili usiyoijua basi hiyo laptopu kwa upande wa Microsoft bado ni ya dukani hata kama risiti unayo mkononi.

Hili nalisisitiza kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalijui. Laptopu za siku hizi diski yake inajifunga yenyewe, inaitwa Device encryption, ni ndugu yake BitLocker (ule mfumo wa Microsoft wa kufunga diski), na kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024 ukipiga Windows 11 upya ukaingia na akaunti ya Microsoft inajiwasha bila kukuuliza, hata kwenye Windows ya Home, ile ya watu wa kawaida. Ikijiwasha unatengenezwa ufunguo wa uokozi wa tarakimu 48 na unapelekwa kuhifadhiwa kwenye akaunti ya yule aliyeingia wa kwanza. Sasa siku mashine imebadilishwa mazabodi, au BIOS (ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows) imepata apdeti, inaweza kuwaka na skrini ya bluu inaomba hizo tarakimu 48. Hapo hata uwe unaikumbuka paswedi kama jina lako haikusaidii, na Microsoft wameshasema wazi kwamba hawana uwezo wa kukupa ufunguo uliopotea wala kukutengenezea mwingine. Kama uko kwenye imeili ya kijana wa Aggrey na kijana kashahama duka, imeisha hiyo.

Na msione ni mambo ya nadra. Tarehe 19 Julai 2024 ile apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani, ndege zilikwama, hospitali zilikwama, na maofisi mengi yalikuwa yanahangaika kutafuta tarakimu 48 za kila mashine ili mafundi waweze kuingia kuondoa faili moja tu. Hao watumiaji hawakusahau paswedi wala hawakugusa kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa vile laptopu bado tupu, irudishe upya kabisa sasa hivi. Settings, System, Recovery, Reset this PC, chagua Remove everything. Ikiwaka ianzishe kwa akaunti ya mama mdogo mwenyewe. Sio yako, ya kwake. Halafu ukishaingia fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey, utaona zile tarakimu 48 na namba ya kutambulisha ufunguo huo (Key ID), printi nakala mbili (si steshenari ipo), moja akae nayo yeye pale anapoweka hati za nyumba na vyeti vya watoto, nyingine kaa nayo wewe Mbezi. Isikae kwenye begi la laptopu na wala usiiseve ndani ya laptopu yenyewe peke yake, maana siku unaihitaji ndo siku ambayo huwezi kuifungua.

Kwenye akaunti yake weka njia za uokozi zaidi ya moja, namba yake ya simu na imeili yako wewe. Akisahau paswedi anaomba namba ya uthibitisho inakuja kwake au kwako, unampigia unamsomea, dakika chache ameingia. Kama njia zote mbili zimepotea inabidi abadilishe taarifa zote za usalama na hapo Microsoft wanamsubirisha siku 30. Mwezi mzima kikoba bila mahesabu.

Na hiyo namba ya simu iangalieni vizuri, laini imesajiliwa kwa jina la nani? Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Bado kuna watu wanatumia laini ya mjomba au ya shemeji toka enzi zile, sasa ikipotea kuirenew ni mpaka mwenye alama za vidole aende mwenyewe, na kama yupo Kigoma au ameshatangulia mbele za haki huna pa kupitia. Namba ya kuokolea akaunti iwe ya laini yenye jina lake mwenyewe.

Kuingia kwa kila siku awekewe pini. Inakaa kwenye hiyo mashine tu na inafanya kazi hata bando likiwa limeisha, tena kwa mtu wa makamo ni rahisi kuliko paswedi ndefu. Ila isiwe mwaka wa kuzaliwa.

Mdau_Tandika

Mkuu Fundi nakuheshimu ila hapo kwenye akaunti ya Microsoft sikubaliani na wewe asilimia zote, kwa mtu wa duka ambaye bando ni la kuunga unga akaunti ya ndani ya mashine ingemfaa zaidi. Akaunti ya ndani unaweka maswali matatu ya usalama, akikosea paswedi pale chini linatokea neno Reset password, anajibu maswali anaweka mpya, hakuna intaneti hakuna meseji. Halafu unamtengenezea flashi ya uokozi, unaenda Control Panel, User Accounts, kuna Create a password reset disk, inaweka kifaili kidogo kinaitwa userkey.psw. Uzuri wake ukishatengeneza mara moja hata abadilishe paswedi vipi flashi ni ileile inafanya kazi. Ubaya ni kwamba yeyote mwenye hiyo flashi anaingia, kwa hiyo isichanganywe na flashi za wateja wa steshenari!! Iwekwe mbali kabisa.

Na maswali yenyewe usijibu ukweli ambao mtaa mzima unaujua. Jina la mtoto wa kwanza kwa mtu anayeitwa mama fulani kila siku dukani, si umeshatoa jibu.

Kitu kingine ambacho Fundi hajagusa, dada tengeneza akaunti ya pili yenye mamlaka ya msimamizi, yako wewe, paswedi unaijua wewe tu. Mama mdogo na watoto wawe watumiaji wa kawaida, kila mtu na ya kwake. Mama akisahau ya kwake unaingia kwa yako unambadilishia paswedi, na watoto hawawezi kubadilisha ya mama wala kuweka programu za ajabu ajabu.

Fundi_Mwenge

Akaunti ya pili ya msimamizi nakubali kabisa, asante kwa kuongezea, ila wajue inabadilisha paswedi ya akaunti ya ndani tu, ya Microsoft lazima ipite kwenye tovuti yao. Na ukiibadilisha kwa nguvu hivyo zile paswedi zilizosevu kwenye brauza zinaweza zisifunguke tena.

Tofauti yangu na wewe ndugu yangu ni kwenye wizi. Ukianza na akaunti ya ndani peke yake ile Device encryption haikamiliki, diski inabaki wazi, mwizi anaitoa anaichomeka kwenye mashine nyingine anasoma majina ya wamama wote na hela zao. Kwa mahesabu ya nyumbani ningesema sawa. Kwa kikoba hapana, hizo ni taarifa za watu wengine. Bando la kuweka upya paswedi ni dogo sana na hata simu ya jirani inatosha.

Halafu mjue kwenye diski iliyofungwa hakuna fundi Dar nzima wa kukutolea paswedi bila zile tarakimu 48, anayekwambia anaweza ujue anaenda kupiga upya kama yule wa jirani. Muulize kwanza, mafaili yatabaki? Akiyumba kwenye jibu chukua laptopu yako. Na risiti ya manunuzi tunzeni, mimi mtu nisiyemjua akiniletea mashine iliyofungwa naomba risiti kwanza, kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na sitaki kuwa sehemu yake.

Kurasini_Bandarini

Naongezea fupi tu kwa kuwa ni used. Ingia BIOS uangalie kama haina paswedi ya huko, laptopu nyingi za Ulaya zilikuwa za makampuni na wakati mwingine huwa imebaki. Na nyie wenyewe msiweke, hamna faida kwa mtu wa duka na ikisahaulika ni mateso, ule ujanja wa kutoa kabetri kadogo ulikuwa wa kompyuta za zamani, laptopu za sasa inaandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme. Wanaonunua Mac used nao waangalie Activation Lock, zile za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2 na hizi mpya zote zinaweza kubaki zimefungwa kwenye akaunti ya mwenye nazo wa zamani, akishakwambia ataitoa kesho usilipe leo.

Mzee_wa_Hesabu

Mwanangu nimesoma maelezo ya vijana, ni mazuri. Mimi nimefanya uhasibu mpaka nimestaafu na sasa nasaidia vikoba vitatu huku Temeke, nataka niseme upande ambao haujasemwa.

Mmeongelea mama mdogo akisahau. Je akiugua? Akilazwa Muhimbili wiki mbili na siku ya kikao imefika? Au Mungu amemchukua, tusiogope kulisema. Vikoba tunatunza hela kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, hakuna anayeona ametukanwa, ni utaratibu. Sasa sanduku lina kufuli tatu halafu hesabu zote ziko nyuma ya paswedi moja kwenye kichwa cha mtu mmoja, hapo mmejenga mlango mmoja kwenye nyumba ambayo mlishaijengea mitatu. Mimi vikundi vyangu vinafanya hivi, paswedi ya akaunti na zile namba za uokozi zinaandikwa kwa mkono, zinaingia kwenye bahasha, inafungwa, mweka hazina anasaini juu ya mfuniko wa bahasha, na inakaa ndani ya sanduku. Bahasha haifunguliwi mpaka kikao kiamue, na kila kikao wanaiangalia kama sahihi iko salama. Akibadilisha paswedi anaandika bahasha mpya, ya zamani inachomwa mbele ya wote. Mweka hazina akibadilika ni hivyo hivyo.

Karatasi watu wanaidharau lakini ubaya wake ni ikiwa moja tu. Yupo mtaalamu mmoja wa kompyuta San Francisco anaitwa Stefan Thomas, Januari 2021 gazeti la New York Times liliandika habari zake, alikuwa na bitcoin 7,002 kwenye kifaa cha IronKey ambacho kinaruhusu kujaribu paswedi mara 10 tu halafu kinajifunga moja kwa moja, alishajaribu mara 8, na karatasi aliyoandikia ile paswedi ilipotea. Huyo ni mtu wa kompyuta, sio mweka hazina wa Tabata. Kwa hiyo karatasi mbili, sehemu mbili.

Jambo la pili nakuomba sana usimwekee paswedi kwenye lile faili la Excel lenyewe. Wengi wanaweka wakidhani wanaongeza ulinzi, ile paswedi ya kufungulia faili ikisahaulika Microsoft hawana njia ya kuitoa, na bahasha ya laptopu haitafungua faili. Laptopu ifungwe vizuri, faili liwe wazi ndani yake. Na kila mwisho wa kikao aprinti ukurasa wa salio, mwenyekiti na katibu wasaini, uwekwe kwenye faili la kabati, pamoja na nakala kwenye flashi ambayo haikai na laptopu. Wenye hisa watalala usingizi.

Binti_Mbezi

Shikamoo mzee, nimekuelewa na hilo la bahasha nimeshampigia mama mdogo, amelipenda kuliko mimi, amesema atalipeleka kwenye kikao cha alhamisi. Kusema kweli nilikuwa sijawaza upande wa kuugua kabisa.

Fundi ulichosema ndicho nilichokikuta, kwenye Your info kulikuwa na imeili ya Gmail yenye jina la duka na namba namba nyingi. Nimeireset jana usiku, ilichukua muda mrefu ila imekubali. Namba ya mama nimeiangalia kwa *106# iko kwa jina lake. Akaunti yake ya Microsoft nilitengenezea kwenye simu, nikaweka paswedi ndefu ya maneno matatu ya Kiswahili anayoyapenda yakitenganishwa na alama ya @.

Sasa kuna hili limenitokea, nikiwa naweka hiyo paswedi kwenye laptopu inakataa. Nimeandika taratibu, nimeangalia herufi kubwa, inakataa. Nikirudi kwenye simu paswedi ileile inaingia vizuri. Kwa hiyo paswedi siyo kwamba imesahaulika, tunayo, imeandikwa hapa mbele yangu, na bado laptopu haitaki. Ni nini hicho? Ndo kile mama mdogo kingemkuta peke yake dukani akaamini amesahau.

Fundi_Mwenge

Hiyo dada ni kiibodi, na nafurahi imejitokeza kwako kabla ya jumamosi. Used ya Uingereza ina kiibodi ya Kiingereza cha Uingereza, lakini Windows ukiianzisha wengi wanabonyeza ile ya Marekani inayokuja yenyewe. Kwenye mpangilio wa Uingereza @ iko upande wa kulia karibu na Enter na juu ya 2 kuna alama za kunukuu, kwenye wa Marekani ni kinyume chake. Kwa hiyo wewe unabonyeza kitufe kilichochorwa @ na mashine inaandika alama ya kunukuu, na kwa kuwa paswedi inaonekana vidoti tu huwezi kujua. Bonyeza kale kajicho pembeni ya kisanduku utaona inaandika nini. Wanaonunua zilizotoka Ujerumani wanapata hivyo hivyo kwenye z na y, na za Ufaransa a na q zimebadilishana nafasi.

Fanya hivi, pale chini kulia kwenye skrini ya kuingilia angalia imeandikwa nini, ikiwa ENG ya Marekani shika kitufe cha Windows na Space mpaka ije ya Uingereza, kama haimo bonyeza Shift na 2 kupata @, halafu andika tena paswedi, itaingia. Ukishaingia nenda Settings, Time & language, Language & region, ongeza kiibodi ya United Kingdom na ile ya US ufute kabisa isibaki kujibadilisha yenyewe. Pia kuna Administrative language settings hapo hapo, ukiingia bonyeza Copy settings ili na ile skrini ya kuingilia ifuate, hii watu wanaisahau, ndani inakuwa sawa halafu pale mlangoni bado ni ya Marekani. Na kama bado unaweza, badilisha paswedi utoe @ uweke nukta au kistari cha katikati, hizo kwa Marekani na Uingereza ziko sehemu moja.

Binti_Mbezi

Imeingia!! Ilikuwa hivyo hivyo, kajicho kimeonyesha alama za kunukuu. Nimebadilisha nimeweka nukta. Tarakimu 48 nimeshaziprinti.

Fundi_Mwenge

Safi. Bado moja, jumamosi ukifika usimpe na kuondoka. Izime, mwambie aiwashe mwenyewe na pini yake, halafu mwambie ajifanye ameisahau, abonyeze I forgot my PIN afuate mpaka mwisho kwa simu yake mwenyewe wewe umekaa tu pembeni humgusi mkono. Iwe na intaneti wakati huo. Akikwama mahali ndo ujue pa kumuandikia maelezo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, abandike ndani ya kabati la dukani, hayo maelezo hayana siri yoyote hata mteja akiyasoma.

Mzee_wa_Hesabu

Marahaba mwanangu. Mwambie mama yako na yule katibu naye afanyishwe hilo zoezi siku ya kikao.